Kabla Hujalipia Bloa, Ijaribu Hapo Hapo Dukani

Mafundi simu wenzangu, leo naongelea bloa, ile mashine ya hewa ya moto tunayong'olea na kurudishia IC kwenye bodi. Naongea kwa uchungu.

Nilipoanza kazi Kariakoo nilinunua bloa ya bei ya chini kuliko zote nilizoziona. Haina jina, waya mwembamba, ila kioo kinawaka namba, nikaona nimeula. Wiki ya pili akaja dada mmoja, simu yake haiingizi chaji. Nikaweka 350, nikapuliza IC ya chaji. Kioo kinasema 350, kumbe hewa inayotoka ni ya moto zaidi ya hapo. Bodi ikavimba kama andazi. Simu nililipa, 180,000 kwa awamu tatu. Ila mle ndani kulikuwa na picha za marehemu mama yake. Hizo sikuwa na cha kuzilipia.

Kwa hiyo nakuambia hivi: bloa ya bei nafuu siyo tatizo. Tatizo ni bloa inayodanganya joto.

Kwa anayeanza, aina ya 858D inatosha. Feni yake iko ndani ya mpini, ni nyepesi, na nyingi ni za wati 700 hivi. Soketi za chaji, maiki na IC ndogo inazimudu. Zile za 852 zina pampu chini kwenye boksi na hewa inapita kwenye mpira. Ni nzito na hula nafasi mezani. Bodi kubwa za laptop zina shaba nyingi inayonyonya joto, hapo ndipo mtu anahitaji mashine kama Quick 861DW ya wati 1000. Bei yake imesimama, subiri mtaji ukue.

Ukifika dukani usilipe kwanza. Fanya haya:

1. Soma lebo ya nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Ikiandikwa 110 pekee, irudishe.

2. Pima ethi. Plagi ikiwa nje ya soketi, weka multimita kwenye mlio. Ncha moja gusisha pini ya ethi, ile ndefu ya juu, nyingine chuma cha mdomo wa bloa. Isipolia, iache. Kuna za bei rahisi ambazo ethi haijafungwa kabisa. Hiyo ni hatari kwako na kwa IC.

3. Pima joto. Nenda na multimita yenye waya wa kupimia joto. Weka 350, shika ncha mbele ya mdomo, subiri dakika mbili. Ikipishana kidogo na kioo si mbaya, utaizoea. Ikipandapanda na kushuka, hiyo ndiyo iliyonilipisha mimi.

4. Nenda na bodi mbovu, ng'oa IC moja. Lehemu yenye risasi ya 63/37 huyeyuka nyuzi 183, lakini ya kiwandani kwenye simu za siku hizi haina risasi, inataka karibu 220. Bloa ikichukua muda mrefu sana kuilegeza, utaishia kuunguza vilivyo jirani.

5. Irudishe kwenye kishikio chake. Feni iendelee kupuliza mpaka joto lishuke chini ya 100, ndipo ijizime. Ikikata ghafla ikiwa ya moto, hita haitadumu. Na wewe nyumbani usichomoe plagi kabla haijapoa.

6. Uliza spea. Hita huungua, hilo halikwepeki. Kama duka halina hita wala mpini wa kubadilisha, unanunua mzigo.

Bloa yangu ya pili ilikuwa 120,000. Soketi ya chaji nabadilisha kwa 15,000, nikitoa spea ya 5,000 inabaki 10,000. Soketi kumi na mbili, mashine imejilipa. Ile ya kwanza ilinigharimu zaidi ya hapo kwa kazi moja tu.

Yule dada alirudi mwaka uliofuata na simu nyingine. Sikugusa swichi kwanza. Nilimuuliza, "Dada yangu, picha umeshazihamisha?"

Tangu hapo kila mteja namuuliza hivyo kabla bloa haijawaka. Na wewe anza leo.