Je, Wajua? Nyaraka za Paa ya Paa
Je, wajua kwamba mwaka 1965, uhuru wa Kenya ukiwa bado mchanga, kundi la wasanii na waandishi, akiwamo mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika aliyesomea sanaa Makerere, lilifungua katika mtaa wa Koinange, Nairobi, ukumbi wao wenyewe ulioitwa Paa ya Paa? Baadaye ukumbi huo ulihamia Ridgeways, na huko, Desemba 1997, moto uliteketeza picha, vinyago, vitabu na nyaraka.

Hasara ya picha humchoma kila mtu. Lakini hasara ya makaratasi, kwa rai yangu, ni nzito zaidi, kwani kadi ya mwaliko yenye jina la msanii na tarehe ya maonyesho aghalabu ndiyo shahidi pekee wa kazi iliyokwisha kuuzwa ng'ambo. Wala si moto tu unaopoteza makaratasi; hata kuhama huyapoteza, na taasisi ya sanaa ya Kuona Trust, iliyoanzishwa mwaka 1995 katika Makumbusho ya Taifa, jirani na Parklands, nayo ilihama baadaye. Basi aliye na kadi au picha za maonyesho ya taasisi hizo katika almari yake, aandike nyuma, kwa penseli, majina ya waliomo wangali wanakumbukwa.