Haki Iliyoandikwa: Tamko la Haki kwa Mizani ya Fiqhi

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo.

Wapo wanaouliza: Muislamu mwenye Qur'an ana haja gani na haki zilizoandikwa katika Katiba ya nchi? Tunajibu kwa kuirejea aya ya deni, Suratul-Baqarah, aya ya 282. Humo tumeagizwa kuliandika deni la muda, dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Hata kwa kauli ya wanavyuoni wengi kwamba agizo hilo ni la sunna, hekima yake ni moja: kuondoa shaka na kumlinda mnyonge. Ikiwa deni la watu wawili huandikwa, haki ya raia mbele ya dola yenye askari na magereza inastahiki zaidi kuandikwa.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Katiba yake haikuwa na Tamko la Haki. Watawala walihofu kwamba kesi zingeizuia Serikali changa kujenga taifa. Uganda (1962) na Kenya (1963) ziliziandika. Kwetu ziliingia mwaka 1984, kwa Mabadiliko ya Tano ya Katiba ya 1977, nazo zimo ibara ya 12 hadi 29 pamoja na wajibu. Hata hivyo, raia hakuweza kuzidai mahakamani hadi Machi 1988. Hapa pana somo: hati bila kadhi wa kuisimamia ni karatasi tu.

Tutoe mfano wa mali. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina, alihitaji kiwanja cha mayatima wawili ili ajenge msikiti. Walitaka kumpa bure, akakataa mpaka akakinunua. Ikiwa msikiti wa Mtume haukujengwa juu ya mali ya yatima bila malipo, ni mradi gani wenye udhuru? Ibara ya 24 nayo inakataza mtu kunyang'anywa mali yake pasipo sheria inayoweka fidia inayostahili. Huku kwetu Mkuza, Kibaha, mashamba yanageuka viwanja. Mjane anayeijua ibara hii hatakubali kuondolewa kwa maneno matupu.

Wala haki hizi si ruhusa ya kudhuru. Ibara ya 30 imeziwekea mipaka, kama fiqhi inavyokataza madhara.

Basi, maimamu, zisomesheni ibara hizi katika darsa zenu. Haki ya mja haianguki kwa kunyamaza kwake, lakini asiyeijua haki yake hataidai.

Wabillahi tawfiq.