Chatu wa Kizimbani Hahitaji Panya Aliye Hai

Miongoni mwa nyoka wanaofugwa kwa wingi majumbani Ulaya na Marekani ni chatu mdogo wa Afrika ambaye wanasayansi humwita Python regius. Kwao ni ukanda unaoanzia Senegal hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kwa miongo kadhaa Ghana, Togo na Benin zimekuwa zikimuuza nje kwa maelfu. Porini hushinda mchana kwenye mashimo ya panya na vichuguu, hutoka usiku kuwinda, na akitishwa hujiviringisha na kuficha kichwa katikati. Mikononi mwa mfugaji, maisha yake hupita ndani ya kizimba na chakula chake hutegemea uamuzi wa mtu mmoja. Wafugaji wengi bado humtumbukizia panya aliye hai, wakiamini kwamba ndivyo maumbile yalivyotaka. Hoja yangu ni kwamba imani hiyo haina msingi. Nyoka hutambua chakula kwa harufu, joto na mwendo, na vyote vitatu vinaweza kupatikana kwa panya aliyekufa. Anachoongeza panya aliye hai ni meno na hofu.

Tuanze na harufu. Nyoka anapotoa ulimi na kuurudisha, hukusanya chembechembe za hewani na ardhini na kuzifikisha kwenye kiungo cha Jacobson, kilichoko kwenye paa la kinywa. Katika miaka ya 1960 mwanasayansi wa Marekani Gordon Burghardt aliwasogezea nyoka wachanga, ambao hawajawahi kula chochote, vipande vya pamba vilivyochovywa kwenye maji yenye harufu ya minyoo, samaki na wanyama wengine. Wachanga hao walizishambulia pamba zenye harufu ya mawindo ya jamii yao. Hakukuwa na kiumbe chochote mbele yao. Harufu peke yake iliwatosha. Chatu ana zana nyingine pia, nayo ni vishimo vidogo kwenye midomo vinavyopokea joto. Mwaka 2010 kikundi cha watafiti cha David Julius, katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kilionyesha kwamba kazi hiyo hutegemea protini iitwayo TRPA1 iliyomo kwenye neva za vishimo hivyo. Protini hiyo huamka joto linapopanda, liwe limetokana na damu inayozunguka au na maji ya moto ambamo mzoga umepashwa. Na mwendo unaokosekana hutolewa na koleo refu likitikiswa taratibu.

Anayetetea panya hai anaweza kujibu kwamba nyoka anajua kutofautisha uhai na kifo, na katika hilo ana ushahidi wa kweli. Mwaka 2012 Scott Boback na wenzake wa Chuo cha Dickinson, Pennsylvania, waliwapa nyoka aina ya boa panya waliokufa, waliopashwa joto na kuwekewa kifuani moyo wa bandia. Moyo huo ulipodunda, boa walibana kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko pale ulipokuwa kimya. Hata hivyo, panya wasiodunda nao walishambuliwa na kubanwa. Maana yake ni kwamba mapigo ya moyo hayamwambii nyoka kama hiki ni chakula. Yanamwambia lini aache kubana. Kubana humgharimu nishati nyingi, na muda wote huo mwili wake uko karibu na meno ya anayepigania roho yake. Uwezo wa kuhisi moyo unaposimama ni dalili kwamba kuua ni kazi ya gharama na hatari, na kwamba maumbile yamempa nyoka njia ya kuifupisha. Mfugaji anayempa mzoga anamwondolea gharama hiyohiyo.

Hoja ya pili ya watetezi ni kwamba nyoka ni mwindaji, hivyo mzoga ni kinyume cha asili yake. Rekodi za porini hazikubaliani na hilo. Mwaka 2002 watafiti Travis DeVault na Aaron Krochmal walikusanya taarifa zilizokwisha kuchapishwa kuhusu nyoka wanaokula mizoga, wakahitimisha kwamba tabia hiyo imeenea kuliko ilivyodhaniwa. Tena, anayetumia asili kama kipimo aitazame yote. Porini panya aliyekoswa hukimbia, na nyoka aliyejeruhiwa naye huondoka. Ndani ya kizimba hakuna wa kuondoka. Panya aliyebanwa kwenye kona hupigana, na akiachwa usiku kucha bila chakula huanza kuguguna kilicho karibu naye, yaani nyoka. Meno yake ya mbele hukua maisha yote na hunolewa kwa kuguguna. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja linalopitisha mwanga, na jino likilipasua jicho linaweza kupotea. Asiye na njaa, mwenye baridi au anayekaribia kujivua gamba mara nyingi hajitetei kabisa. Madaktari wa wanyama huletewa nyoka walioliwa ngozi na nyama ya mgongoni, wengine hadi mfupa ukaonekana. Vidonda vya namna hiyo huoza kwa urahisi na huchukua miezi kupona.

Panya naye ana haki ya kuzingatiwa. Wako wanaosema kifo cha kubanwa ni cha haraka, na utafiti mwingine wa kikundi cha Boback, uliotolewa mwaka 2015, unawaunga mkono kwa sehemu. Ulionyesha kwamba boa haui kwa kuziba pumzi tu kama ilivyoaminika zamani. Husimamisha mzunguko wa damu, na ndani ya sekunde chache shinikizo kwenye mishipa ya panya hushuka hadi nusu. Lakini hayo hutokea nyoka akishika vizuri, akizungushia kifua. Akishika nyuma, panya hubaki na fahamu na meno huru. Na kabla ya hapo yapo masaa ya kungoja ndani ya chumba chenye harufu ya adui na kisicho na tundu la kutokea. Muuzaji anayemuua panya kwa kufuata taratibu za utabibu wa wanyama anaweza kumwondolea panya mateso hayo. Sheria ya Uswisi imeelekea huko: mawindo hai yanaruhusiwa kwa masharti tu, kwa mfano pale ambapo mnyama hawezi kulishwa kwa njia nyingine.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mfugaji ambaye nyoka wake anakataa mzoga. Hili hutokea, hasa kwa waliokamatwa porini. Lakini chatu huyu ni maarufu kwa kufunga kula kwa miezi, hata akipewa panya hai, kwa hiyo kukataa mara moja au mbili hakuthibitishi kwamba anadai uhai. Kagua kwanza joto la kizimba, mahali pa kujificha na utulivu wa chumba. Kisha mpe chakula jioni, kichwa cha panya kikiwa na joto zaidi kuliko kiwiliwili, au kipake harufu ya mnyama mwingine. Utafiti wa Luca Luiselli na Francesco Angelici uliofanyika kusini-mashariki mwa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1998 uligundua kwamba madume wa jamii hii hula ndege zaidi, na majike hula zaidi mamalia. Basi dume anayekataa panya huenda akavutwa na harufu ya kifaranga. Mpime uzito kila wiki. Asiyepungua sana ana muda wa kujifunza.

Ni kweli pia kwamba mzoga una hatari zake. Kugandisha hakuui bakteria wa salmonela, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 mamia ya watu Uingereza, pamoja na wengine Marekani, waliugua kutokana na panya wa kugandishwa walionunuliwa kulisha nyoka. Lakini panya hai hubeba bakteria haohao na zaidi: mwaka 2017 virusi vya Seoul vilienea katika majimbo kadhaa ya Marekani kupitia panya wanaofugwa, na kuambukiza watu. Dawa ya hatari hii ni usafi. Yeyusha mzoga ndani ya jokofu usiku mzima, mbali na chakula cha watu, kisha uuweke kwenye mfuko na kuupasha kwa maji moto hadi nyuzi joto 38 hivi. Usitumie maikrowevu, kwani hupika sehemu na kuacha nyingine baridi, na usigandishe tena ulichokwisha yeyusha. Chagua panya asiyezidi unene wa katikati ya nyoka, mpe kwa koleo, osha mikono, na usimshike nyoka kwa siku mbili.

Wapo wachache watakaobaki nje ya njia hii: wachanga wa jamii fulani, au mgonjwa aliyekonda ambaye daktari amethibitisha kwamba hawezi kungoja. Kwa hao panya hai awe mdogo kuliko kawaida, awekewe chakula chake, na mfugaji akae palepale akiwa na koleo. Asipoliwa ndani ya dakika kumi na tano atolewe. Usimamizi huo unapunguza hatari tu, hauiondoi, na ndiyo sababu hauwezi kuwa desturi ya kila wiki. Aliyemfungia nyoka amemwondolea uwezo wa kukimbia, na kwa kufanya hivyo amejitwika jukumu la kumkinga na kila jeraha linaloepukika. Sayansi imekwisha kuonyesha kwamba jeraha la meno ya panya ni mojawapo.