Mnara wa saa wa Kisumu: Shukrani za wana kwa baba

UKIFIKA Kisumu na kushika barabara ya Oginga Odinga, huwezi kukosa kuuona. Umesimama katikati ya mji, umeinua saa juu ya vichwa vya wapita njia. Mgeni huelekezwa kwao kwa urahisi. Lakini muulize mwanao kwa nini ulijengwa, kisha usikilize jibu.

Jibu limeandikwa papo hapo mnarani. Uliwekwa kumkumbuka Kassim Lakha, aliyefika Afrika Mashariki mwaka wa 1871 na kufariki Kampala mwaka wa 1910. Waliougharimia ni wanawe wanne: Mohamed, Alibhai, Hassan na Rahimtulla. Gavana wa Kenya wakati huo, Sir Robert Brooke-Popham, aliuzindua Agosti 19, 1938.

Hebu tuzitazame tarehe hizo. Lakha, mhamiaji kutoka Bara Hindi, alikanyaga ardhi hii miaka 30 kabla ya reli kufika ziwani mwaka wa 1901. Kituo cha reli kilipewa jina Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Kwa miaka mingi, aliyekwenda Uganda alishuka kwenye garimoshi hapa na kupanda meli. Reli haikufika Kampala hadi 1931.

Mnara nao ulijengwa miaka 28 baada ya mzee huyo kuaga dunia. Hapa pana funzo kwa vijana: wana hao hawakumsahau baba yao, na walipotaka kumkumbuka, walijenga kitu ambacho kila mpita njia angekitumia bila kulipa hata senti.

Huenda mtu akauliza: je, fedha hizo hazikupotea bure? Swali hilo ni la zamani. Waingereza huyaita majengo ya kupamba tu kwa neno lenye maana ya upumbavu. Nchini Ireland liko moja mashuhuri, Conolly's Folly, lenye kimo cha mita 42 hivi. Lilijengwa mwaka wa 1740 kwa amri ya mjane tajiri, Katherine Conolly. Halina chumba cha kuishi wala ghala la nafaka. Hata hivyo, baridi kali ilikuwa imeleta njaa, na ujenzi huo uliwapa maskini kazi na ujira. Jengo lililoitwa upumbavu lilitia watu chakula tumboni.

Mnara wa Kisumu, kwa upande wake, ulipewa kazi tangu mwanzo. Si kazi nyepesi, kwa kuwa unasomwa kwa namna mbili: mshale mfupi ukielekea saba asubuhi, karani husema ni saa saba kwa Kiingereza, naye mama mboga husema ni saa moja. Wote wawili wako sahihi.

Lakini mnara hauwezi kujitunza. Wasomaji watakumbuka yaliyotokea Unguja. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka wa 1883, lilikuwa fahari ya Mji Mkongwe, na mnara wake wa saa ulionekana kutoka baharini. Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya mbele ya jumba hilo iliporomoka pamoja na mnara huo, na watu wawili wakafa. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Unguja, ufa uligharimu roho za watu.

Mnara wa Kisumu ni mdogo kuliko hiyo yote, na pengine ndiyo sababu ni rahisi kuusahau. Unaweza kuoshwa na kupakwa rangi, lakini kama hakuna anayesoma maandishi yake, utakuwa umebaki pambo tu, na jina la mzee aliyekumbukwa litakuwa limekufa mara ya pili.

Basi mzazi, utakapopita na wanao barabara ya Oginga Odinga, simama dakika mbili. Mwache mdogo kabisa asome kwa sauti majina ya wale wana wanne. Kisha mwulize: yeye angemjengea nini baba yake?