Mafuriko ya Dar es Salaam

Mafuriko ya Dar es Salaam ni maji ya mvua yanayofurika mara kwa mara katika maeneo ya mabondeni ya jiji hilo, ambalo ni kubwa kuliko yote nchini Tanzania. Hutokea hasa wakati wa masika (Machi hadi Mei) na wakati wa vuli (Oktoba hadi Desemba). Huua watu, hubomoa nyumba, hufunga barabara na kueneza magonjwa. Mvua ndiyo inayoyaanzisha, lakini ukubwa wa madhara hutegemea zaidi namna ardhi inavyotumika, kuanzia vilima vya Pugu hadi baharini.

Bonde la Msimbazi

Mto Msimbazi huanza katika vilima vya Pugu, hupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Njiani hupokea maji ya mito midogo, ikiwemo Ubungo na Sinza.

Barabara ya Morogoro huvuka bonde hilo pale Jangwani. Mto ukifurika, watu wa Magomeni na Ubungo hukatiwa njia ya kwenda Kariakoo na katikati ya jiji. Hata karakana ya mabasi ya Mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, ilijengwa Jangwani na imekwisha kuzingirwa na maji mara kadhaa.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 na kuacha maelfu bila makazi.

Sababu

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Upimaji wa viwanja haukuenda na kasi hiyo, hivyo wakazi wengi wanaishi katika makazi yasiyopimwa. Mabondeni bei ya ardhi na kodi ya nyumba ni nafuu, na ni karibu na soko na vibarua.

Kadiri nyumba zinavyoongezeka hata juu vilimani, ndivyo udongo unaofyonza maji unavyopungua. Mvua inayoanguka juu ya mabati na lami hukimbilia mtoni kwa muda mfupi, ikibeba mchanga na taka. Mchanga huo hujaza kina cha mto na kuziba nafasi chini ya madaraja. Taka huziba mitaro. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani wakati bahari inapojaa sana, maji ya mto hukosa pa kutokea na kurudi nyuma.

Magonjwa ni sehemu ya tatizo hilo. Nyumba nyingi hutumia vyoo vya shimo, na baadhi ya watu hutapisha vyoo wakati wa mvua kwa sababu hawana fedha za gari la majitaka, au gari halifiki kwao. Uchafu huo huingia katika visima na nyumba za majirani.

Hatua zilizochukuliwa

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Baada ya mafuriko ya 2011 serikali iliwapa baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Wengine walirudi bondeni, kwa kuwa nauli na umbali viliwatenga na biashara zao. Desemba 2015 nyumba nyingi bondeni zilibomolewa.

Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria umewatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora ramani za mitaa inayofurika. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, unaohusisha daraja jipya la Jangwani, kupanua mto na kuwahamisha wakazi kwa fidia.

Njia za utatuzi

Kuhamisha watu peke yake hakutoshi. Bonde likiachwa wazi bila matumizi maalumu, wengine huja kujenga. Likifanywa bustani au viwanja vya michezo, hubaki na mwenyewe wa kulitunza, na maji hupata pa kutua. Wanaohamishwa wanahitaji makazi yaliyo karibu na kazi, shule na usafiri, la sivyo watarudi.

Kazi nyingine iko juu ya mto: kulinda misitu ya Pugu, kuzuia uchimbaji holela wa mchanga, na kupima viwanja pembezoni mwa jiji kabla watu hawajajenga. Mitaani, taka zikizolewa kwa ratiba na mitaro ikizibuliwa kabla ya masika, maji hupita. Mtaro ukizibuliwa Magomeni huku taka zikitupwa mtoni Vingunguti, mvua inayofuata huuziba tena, kwa kuwa mto ni mmoja.