Daktari Burkitt na Uvimbe wa Taya za Watoto

Katika mwaka 1957 Daktari Hugh Trowell wa hospitali ya Mulago, Kampala, alimwita mwenzake wa upande wa upasuaji aje kumtazama mtoto wa miaka mitano. Uso wa mtoto huyo ulikuwa umeumuka kulia na kushoto, taya ya juu na taya ya chini, na meno yake yamelegea na kukaa upogo. Mpasuaji aliyeitwa alikuwa Daktari Denis Burkitt. Alimtazama sana asiweze kuutambua ugonjwa. Jipu halitokei mahali pane kwa wakati mmoja, na kansa nayo, kwa jinsi alivyofundishwa, haikuwa na desturi hiyo.

Majuma machache yalipopita alikwenda kuzuru hospitali ya Jinja. Akiwa ndani ya nyumba alichungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake kwenye majani, uso umevimba namna ile ile. Alitoka mara moja akampima, akaona ana uvimbe tumboni pia. Pengine daktari mwingine angaliandika habari za watoto hao wawili katika daftari akaendelea na kazi zake, kwani kazi za mpasuaji wa Mulago hazikuwa chache. Burkitt alirudi Kampala akaanza kufunua barua na vyeti vya wagonjwa wa zamani. Akagundua kwamba watoto wengi waliokuwa na uvimbe wa taya walikuwa na uvimbe katika mafigo, au ini, au ndani ya tumbo, na kila uvimbe ulikuwa umepewa jina lake kama kwamba ni ugonjwa mbali. Mabingwa waliochunguza vipande vya nyama kwa darubini huko Kampala, Daktari Jack Davies na Daktari George O'Conor, walikuwa wakiuona uvimbe huu mara nyingi mno miongoni mwa kansa za watoto. O'Conor akathibitisha kuwa yote ni maradhi mamoja, nayo ni kansa ya chembe nyeupe za damu.

Yafaa jambo hili lielezwe. Damu ya mtu ina chembe nyekundu na chembe nyeupe, na hizo nyeupe ndizo askari wa mwili. Baadhi yake hukaa katika mitoki, ile migumba tuionayo shingoni na kwapani mtu anapougua. Adui aingiapo huzaana kwa wingi, na akiisha shindwa huacha. Katika ugonjwa huu chembe moja huasi amri ya kuacha. Huzaa mbili, mbili huzaa nne, mpaka mwili umejaa, mfano wa magugu katika shamba lililoachwa wakati wa masika. Hapana kansa nyingi ziendazo mbio kama hii: uvimbe waweza kuwa maradufu kwa muda wa siku moja au mbili.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 mjini Enniskillen, kaskazini ya Ireland. Alipoteza jicho moja utotoni, naye akawa mpasuaji kwa jicho lililobaki. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara ambaye saa za mapumziko alivisha ndege pete miguuni na kuchora ramani za mahali wakaapo. Huenda mwana aliirithi tabia ya ramani kwa baba, maana jambo alilofanya baadaye lilikuwa hilo hilo. Alipiga chapa karatasi zenye picha za watoto wenye uvimbe, zaidi ya elfu moja, akazipeleka katika hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima, akiuliza: Je, mmeuona ugonjwa huu? Kila jibu lilipofika alichoma pini katika ramani ukutani.

Barua hazikumtosheleza. Mwezi wa Oktoba 1961 alifunga safari pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, katika motokaa ya Ford ya mwaka 1954 iliyonunuliwa kwa pauni 250. Williams alijua kutengeneza mitambo, na bila shaka ujuzi huo ulihitajiwa sawa na ule wa udaktari. Kwa muda wa majuma kumi walikwenda maili 10,000, kupitia Tanganyika hata Afrika ya Kusini, wakiingia hospitali zaidi ya hamsini. Gharama yote ya safari haikufika pauni 700. Utafiti mwingi uliogharimu mara elfu ya fedha hizo haukuleta faida kama hiyo.

Ramani ilipokamilika ilionyesha ukanda uliokata Afrika katikati, wenye mkia ulioteremka upande wa mashariki hata Msumbiji. Karibu na ikweta, palipozidi kimo cha futi 5,000 ugonjwa haukuonekana. Daktari Alexander Haddow wa Entebbe, aliyekuwa bingwa wa virusi na mbu, alifahamisha kwamba si kimo chenyewe kizuiacho, bali baridi: ugonjwa hupenda mahali pa joto na mvua. Wasomaji wa Kenya waweza kulipima jambo hili kwa nchi yao, maana watoto wa Nyanza kando ya ziwa na wa Pwani hupatwa kuliko watoto wa milimani. Hivyo basi, palipo na malaria ya daima ndipo penye uvimbe huu.

Kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa hotuba katika hospitali ya Middlesex mjini London. Msikilizaji mmoja, Daktari Anthony Epstein, aliomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Uganda. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong waliona ndani ya chembe hizo kirusi kisichojulikana, cha kwanza kupatikana katika kansa ya binadamu. Lakini kirusi hicho wanacho karibu watu wazima wote ulimwenguni, na wengi hawadhuriki. Inaaminiwa kwamba malaria ya mara kwa mara ndiyo impayo nafasi.

Na dawa je? Kisu hakikufaa. Uliondoa uvimbe wa taya, ule wa tumboni ukabaki, na Uganda haikuwa na mashine ya kutibu kwa miali. Kwa msaada wa Daktari Joseph Burchenal wa New York, Burkitt alijaribu dawa mpya, methotreksati, kisha siklofosfamidi na vinkristini. Hakuwa na dawa nyingi wala vyombo vya kuwaangalia wagonjwa kama hospitali za Marekani, kwa hiyo alitoa kidogo. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto waliopata dozi moja au mbili tu hawakuugua tena. Daktari Peter Clifford aliona hayo hayo Nairobi, katika hospitali ya King George VI, ambayo baada ya uhuru iliitwa Kenyatta. Wakati huo madaktari wengi wa Ulaya hawakusadiki kwamba kansa yaweza kuponywa kwa dawa peke yake.

Mwaka 1967 Daktari John Ziegler alifungua Kampala kituo cha kutibu ugonjwa huu, na mwaka 1972 Daktari Charles Olweny, Mganda, alikishika.

Siku hizi katika nchi tajiri watoto kama tisa katika kumi hupona. Katika hospitali zetu hupona wachache zaidi, na dawa si sababu ya pekee. Dalili ya kwanza mara nyingi ni jino kulegea, basi mtoto hupelekwa kung'olewa jino, kisha jingine, na majuma hupita. Wengine hufika mapema, wakapewa dozi ya kwanza, uso ukarudi kama zamani, na baba mwenye nauli ya kuazima akaona mwana amepona, akamrudisha nyumbani kabla ya dozi zilizosalia. Chembe chache zilizobaki huanza upya. Dawa zenyewe nazo ni kali. Chembe zifazo kwa wingi huweza kuziba mafigo, ndiyo maana mgonjwa hutiwa maji mengi mwilini na kulazwa hospitali.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akafa mwaka 1993. Ugonjwa waitwa kwa jina lake katika vitabu vyote vya udaktari. Lakini katika kumbukumbu za hospitali ya Mengo, alizoziweka Daktari Albert Cook miaka mingi kabla ya huyo mtoto wa Mulago kuzaliwa, zimo habari za watoto wenye taya zilizovimba namna hiyo hiyo.