Maji Mengi Nayo Huua Shamba

Wakati wa kiangazi hapa Rockville si ajabu kuona mvua inanyesha huku mashine za kumwagilia nyasi mbele ya nyumba za watu nazo zinamwaga maji. Nilikuwa nacheka sana, mpaka nilipojua kwamba na mimi nimefanya vilevile, tena huko nyumbani.

Nilimtumia mjomba hela ya pampu. Shamba lake liko Kahe, kwenye tambarare ya chini ya Moshi. Zamani alikuwa anangoja zamu ya mfereji. Pampu ilipofika, ikawa maji kila siku. Baada ya wiki chache akapiga simu: "Mwanangu, nyanya zinanyauka, zina kiu. Tuma ya dizeli." Nikatuma. Nyanya zikafa zote.

Jamani, hazikufa kwa kiu. Mizizi nayo inapumua. Katikati ya chembe za udongo kuna vijinafasi vya hewa. Vikijaa maji muda mrefu, mizizi inakosa hewa, inaoza, na haiwezi tena kunyonya maji. Mmea unanyauka huku umesimama kwenye tope. Mkulima anadhani ni kiu, anaongeza maji!

Hasara ya pili ni mbolea. Maji yanayozidi huizamisha urea chini ya mizizi au huisomba hadi mtoni. Hapa kwetu maji ya mvua huishia mto Potomac, kisha Chesapeake Bay. Mbolea inayofika huko hustawisha mwani. Ukioza unamaliza oksijeni, samaki wanakufa.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: chumvi. Tupige hesabu. Maji yenye nusu gramu ya chumvi kwa lita unayanywa bila kuhisi kitu. Lakini ukimwaga milimita 1,000 kwa msimu, hizo ni lita milioni 10 kwa hekta, yaani chumvi tani 5! Maji hupaa angani, chumvi haipai. Na maji ya ardhini yakipanda hadi karibu mita moja kutoka juu, yanapanda yenyewe kama mafuta ya taa kwenye utambi, yakibeba chumvi. Tambarare za kusini mwa Moshi zinaujua sana udongo huo wa chumvi na magadi.

Sasa tufanyeje?

1. Chimba kidogo, sentimita 20 hivi, ufinyange udongo. Ukishikamana na kulowesha kiganja, usimwagilie leo.

2. Mwagilia kwa kiasi na kwa nafasi, asubuhi au jioni. Ukiweza, tumia mipira ya matone.

3. Chimba mitaro ya kutolea maji. Chumvi husafishwa kwa maji, lakini bila mtaro unaizungusha tu shambani.

4. Hata mpunga hautaki kuogelea siku zote. Kilimo shadidi, kilichoanzia Madagaska miaka ya 1980 kwa padri Henri de Laulanié, huacha jaruba likauke kidogo kabla ya kurudisha maji. Wakulima wa Mwea, Kenya, walianza kukijaribu mwaka 2009.

Wengi wetu tunatuma hela za pampu nyumbani, na ni jambo jema. Ila kabla hujatuma uliza kwanza: maji yakizidi, yatatokea wapi? Kama hakuna jibu, anza na hela ya mtaro. Mimi mwaka huu nimetuma ya mtaro.